Kupima vioksidishaji ndani ya seli hai kwa rangi inayong'aa: mwongozo wa kuanzia kwa hamira na karafuu

Maswali yanayokuja kuhusu DCFH-DA, rangi inayong'aa kijani ikioksidishwa, na kuhusu ROS, yaani vioksidishaji vinavyotokana na oksijeni, ni yale yale. "Nimetia DCFH-DA, kijani kimepanda, ina maana dondoo yangu ni sumu?" "Kijani kimeshuka, naruhusiwa kuandika kuwa karafuu inaondoa ROS?" "Mrija ambao sikuutia kitu nao unang'aa, rangi imeharibika?" Wanaouliza ni wanafunzi wa hapa Unguja na Pemba, na wengi wao wanafanyia kazi dondoo za vitu vya kwetu: karafuu, makonyo, mwani wa Paje na Jambiani, majani ya mwarobaini. Kazi ni nzuri na inastahili kufanywa vizuri. Nimeuandika mwongozo huu ili uanze bila kupoteza rangi ya bei ghali na bila kuandika hitimisho ambalo vipimo vyako haviwezi kulibeba.

Jambo moja ulishike kabla hujagusa pipeti. Rangi hii haikwambii kuwa ndani ya seli kuna "ROS" kiasi fulani. Inakwambia kuwa yenyewe imeoksidishwa, basi. Nani kaioksidisha, wapi, na kwa msaada wa nani, hayo utayajua kwa mirija ya kulinganishia. Ukiwa na rangi ya mirija kumi tu, tumia minne kwa sampuli na sita kwa kulinganishia.

Nadharia, kidogo tu

DCFH-DA yenyewe haing'ai. Ikipenya ndani ya seli, vimeng'enya vya esterasi huikata vipande vyake viwili vya asetati, ikabaki DCFH, ambayo haitoki nje kwa urahisi. DCFH ikioksidishwa huwa DCF, na DCF ukiimulika kwa mwanga wa buluu wa nanomita 485 inarudisha kijani cha karibu nanomita 530.

Hapo pana mitego mitatu. Kwanza, haidrojeni peroksaidi peke yake haiioksidishi DCFH kwa kasi ya maana. Inahitaji msaidizi: chuma kilicho huru, hemu, saitokromu c au kimeng'enya cha peroksidasi. Kwa hiyo dondoo inayoshika chuma inaweza kushusha kijani ilhali peroksaidi iko pale pale. Pili, DCFH ikiwa njiani kuoksidishwa hutoa radikali ambayo hukutana na oksijeni na kuzaa supaoksaidi, nayo supaoksaidi huzaa peroksaidi. Yaani kipimo chenyewe kinaongeza kile unachokipima. Tatu, mwanga nao unaioksidisha rangi, na sisi huku mwanga hatukupungukiwa.

Mwaka 2022 kundi la watafiti wa fani hii, akiwemo Michael P. Murphy wa Cambridge, lilitoa miongozo katika jarida la Nature Metabolism. Walisisitiza kuwa ROS si kitu kimoja, na kwamba kila inapowezekana mtafiti ataje kioksidishaji anachokikusudia. Supaoksaidi, peroksaidi, hipokloraiti na peroksinaitraiti kila kimoja kina tabia zake. Mwongozo huu unafuata njia hiyo.

Kwa nini hamira

Seli za binadamu au za panya zinataka inkubeta yenye kaboni dioksaidi, siramu (majimaji ya damu) na chumba kisafi sana. Hamira haitaki hayo. Inakua kwenye nyuzijoto 30, ambalo ni joto la chumba chetu sehemu kubwa ya mwaka, na ni seli yenye kiini na mitokondria kama zetu. Hamira ya mkate kutoka soko la Darajani inatosha kujifunzia. Kama maabara yako ina aina ya hamira inayojulikana jina lake, tumia hiyo kwa kazi ya kuchapisha.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- DCFH-DA ya unga, na DMSO kavu, kiyeyusho cha kuiyeyushia
- Fluoresini diasetati, kwa kifupi FDA. Wengi huiacha. Usiiache, nitaeleza.
- DCF iliyokwisha oksidishwa, kidogo tu
- Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, au ya asilimia 30 ya maabara
- Katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi
- Bafa ya PBS (maji yenye chumvi na fosfeti) ya pH 7.4, na glukosi
- Chakula cha hamira cha YPD: dondoo ya hamira asilimia 1, peptoni asilimia 2, glukosi asilimia 2
- Methilini bluu kwa kuhesabu seli zilizokufa
- Sentrifuji, spektrofotomita, kiveti cha kwatsi
- Sahani nyeusi ya visima 96 na mashine ya kuisoma, au hadubini yenye kichujio cha buluu na kijani
- Foili ya jikoni, kwa wingi
- Glovu. DMSO hupenya ngozi na hubeba kilichoyeyushwa ndani yake.

Rangi ikiagizwa huvuka kutoka Dar es Salaam kwa boti. Ukiipokea bandarini Malindi au Mkoani, iwe ndani ya boksi lenye barafu na isikae juani hata kwa dakika za kusubiri gari. Ikiwa unga bado haijayeyushwa, huvumilia safari. Ikishayeyushwa huharibika haraka.

Hatua kwa hatua

1. Yeyusha rangi. Uzito wa moli wa DCFH-DA ni gramu 487.3. Pima miligramu 4.87, yeyusha kwa mililita 1 ya DMSO, umepata milimola 10. Igawe papo hapo kwenye mirija midogo, maikrolita 20 kila mmoja, ifunge kwa foili na uiweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mrija uliokwisha yeyuka haurudi kwenye friza. Umeme ukikatika usiku kucha na friza likapata joto, usikisie: fanya jaribio la hatua ya 8 kabla ya kuiamini rangi hiyo tena.

*Kosa la kawaida:* kuacha chupa ya DMSO wazi. DMSO hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya visiwani imejaa unyevu, khasa wakati wa masika. Maji hayo huanza kuikata DCFH-DA ndani ya friza.

2. Hakikisha nguvu ya peroksaidi. Usiamini lebo. Chupa iliyokaa dirishani dukani inaweza kuwa imebaki maji matupu. Peroksaidi ya asilimia 3 ikiwa nzima ni karibu mola 0.88. Chukua mililita 1.13, ongeza maji yaliyochujwa hadi mililita 10, upate kama milimola 100. Kisha punguza mara kumi na usome ufyonzaji kwenye nanomita 240 kwa kiveti cha kwatsi cha sentimita 1. Milimola 10 hutoa 0.44 hivi, kwa sababu kizio cha ufyonzaji wa peroksaidi hapo ni 43.6 kwa mola kwa sentimita. Ukipata 0.2, peroksaidi yako ni nusu ya ulivyodhani, basi rekebisha hesabu. Kiveti cha plastiki au kioo cha kawaida hakifai, maana chenyewe hufyonza mwanga huo. Peroksaidi ya krimu ya saluni usiilete maabara.

3. Otesha hamira. Jioni tia hamira kidogo kwenye YPD na uitikise usiku kucha. Asubuhi ipunguze hadi OD600 (wingi wa seli unaosomwa kwa mwanga wa nanomita 600) ya 0.15 kwa YPD mpya, uiache mpaka ifike 0.6, kwa kawaida muda wa saa tatu au nne. Usitumie ile ya usiku moja kwa moja. Hamira iliyomaliza chakula hujikinga dhidi ya peroksaidi, na utashangaa kwa nini haijali chochote unachoitia.

4. Ioshe. Zungusha kwenye 3000 g (mara 3000 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 5, mwaga maji ya juu, rudisha kwa PBS yenye glukosi asilimia 2. Fanya mara mbili. YPD yenyewe inang'aa kijani, na mabaki yake kidogo tu yanakuharibia usomaji. Malizia kwa OD600 ya 0.5.

5. Ipe dondoo kwanza, kisha iondoe. Gawa hamira mafungu mawili. Moja litie dondoo, jingine litie kiyeyusho kitupu kwa kiasi kile kile, kisichozidi asilimia 0.5. Kama kiyeyusho ni DMSO, kumbuka kuwa chenyewe hukamata radikali za haidroksili, kwa hiyo kiasi kiwe sawa katika kila mrija. Kwa karafuu anza chini, maikrogramu 10, 50 na 100 kwa mililita, kwa sababu yujinoli iliyomo kwenye karafuu ikizidi huua hamira. Acha saa moja, kisha osha mara mbili.

Kuosha huku ndiko ninakokusisitizia kuliko hatua nyingine yoyote. Wengi huchanganya dondoo, rangi na peroksaidi katika mrija mmoja, kijani kikishuka wanaandika kuwa seli imelindwa. Pengine dondoo imekula peroksaidi nje ya seli na seli haikuhusika kabisa. Hilo nalo ni tokeo, lakini ni la kemia ya mrija, wala si la seli hai.

6. Tia rangi. Funga madirisha kwa kitambaa kizito cheusi na uzime taa za juu. Tia maikrolita 1 ya rangi kwa kila mililita 1 ya hamira, upate maikromola 10. Funga foili, tikisa taratibu kwa dakika 30 hadi 60 kwenye nyuzi 30. Kisha osha mara mbili haraka.

Ukija kufanya hivi kwa seli za binadamu, usitie rangi pamoja na siramu. Siramu ina esterasi zake, na rangi itakatwa nje kabla haijaingia. Chakula chenye fenoli redi (rangi ya kuonyesha pH) nacho kiondoe.

7. Panga mirija. Hii ndiyo orodha ninayoiomba kwa kila anayeniletea matokeo:

- A: hamira bila rangi
- B: hamira yenye rangi, kiyeyusho kitupu
- C: kama B, pamoja na peroksaidi milimola 1 (maikrolita 10 za milimola 100 kwa mililita)
- D: hamira iliyopewa dondoo, yenye rangi
- E: kama D, pamoja na peroksaidi milimola 1
- F: hamira iliyopewa dondoo, bila rangi
- G: kama C, lakini katalasi imetangulia dakika 5 kabla ya peroksaidi

F inakuonyesha kama dondoo yenyewe inang'aa. Dondoo za mwani na majani mabichi zina klorofili, ambayo hung'aa nyekundu karibu na nanomita 680. Hiyo haigusi kijani sana, ila itakusumbua ukitumia rangi nyekundu.

Kisha kuna mirija isiyo na seli hata moja, na ndiyo inayoamua ukweli wa kazi nzima:

- H: DCF iliyokwisha oksidishwa, maikromola 0.1 kwenye PBS, pamoja na dondoo na bila dondoo. Kijani kikishuka hapa, dondoo inazima mwanga tu.
- I: DCFH pamoja na dondoo. Ipate DCFH hivi: changanya mililita 0.5 ya DCFH-DA ya milimola 1 kwenye ethanoli na mililita 2 za sodiamu haidroksaidi ya mola 0.01, gizani kwa dakika 30, kisha ongeza mililita 10 za bafa ya fosfeti ya pH 7.4. Tumia siku hiyo hiyo. Kijani kikipanda bila seli, dondoo inaioksidisha rangi yenyewe au inazaa peroksaidi. Polifenoli nyingi hufanya hivyo zikikaa kwenye kimiminika chenye hewa. Rudia ukitia katalasi. Kijani kikishuka, umejua kuwa ni peroksaidi.
- J: hamira ya D na ya B, zote zikiwa na FDA maikromola 5 badala ya DCFH-DA.

Sasa FDA. Hiyo hukatwa na esterasi zile zile, lakini hung'aa mara tu ikikatwa, haingoji kuoksidishwa. Kama dondoo yako inashusha kijani cha FDA kwa kiasi kile kile inavyoshusha kijani cha DCFH-DA, basi kilichopungua ni kuingia kwa rangi au kazi ya esterasi. Vioksidishaji huenda havikubadilika hata kidogo. Jaribio hili ni rahisi mno kulinganisha na thamani yake, na nasikitika kila nikiona tasnifu nzuri isiyokuwa nalo.

8. Soma papo hapo. Weka maikrolita 200 kwenye visima vitatu kwa kila mrija. Mwanga wa kuingia 485, wa kutoka 530, kila dakika 5 kwa saa nzima, na mashine iitikise sahani kabla ya kila usomaji kwa sababu hamira huzama. Kiwango cha mashine cha kukuza mawimbi (gain) kiwe kile kile siku zote za jaribio. Kila siku soma pia kisima chenye rangi kwenye PBS bila seli. Kikianza juu kuliko kawaida, rangi imekwisha kuoksidishwa kwenye friza, na siku hiyo usifanye jaribio.

Kwa hadubini, punguza taa na muda wa kupiga picha kadiri unavyoweza. Iache slaidi ya mrija B chini ya taa dakika moja na utazame: itazidi kung'aa mbele ya macho yako bila kupewa kitu. Kwa hiyo tafuta eneo kwa mwanga wa kawaida, na mwanga wa buluu uufungue kwa picha moja tu, kisha sogea mahali pengine.

9. Hesabu waliokufa. Chukua sehemu ya kila fungu, changanya na methilini bluu, hesabu seli kama 200. Zilizokufa huwa buluu. Seli iliyokufa inavujisha rangi, na dondoo iliyoua theluthi ya hamira haiwezi kusifiwa kwa kupunguza kijani.

10. Fanya hesabu. Toa A kutoka B na C, toa F kutoka D na E. Gawa kwa OD600. Linganisha mwinuko wa mstari katika dakika 20 za mwanzo, usilinganishe nukta ya mwisho peke yake. Rudia kwa hamira iliyooteshwa siku nyingine. Visima vitatu vya sahani moja ni jaribio moja, hata viwe thelathini.

Katika ripoti andika "kung'aa kwa DCF kulipungua". Usiandike "ROS ilipungua" mpaka H, I, J na G zimekubaliana nawe.

Rangi nyingine, kwa ufupi

Ukitaka supaoksaidi, wengi watakuelekeza rangi ya DHE (dihaidroethidiamu). Supaoksaidi huigeuza kuwa 2-haidroksiethidiamu, lakini vioksidishaji vingine huigeuza kuwa ethidiamu, na zote mbili ni nyekundu zinazopishana. Wekundu wa hadubini peke yake hauthibitishi supaoksaidi. Unahitaji kuzitenganisha kwa HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali. MitoSOX ni DHE iliyofungwa mkia wa kuivuta kwenye mitokondria. Ina shida ile ile, na ukizidisha kipimo huvuruga mitokondria zenyewe.

Rangi ya Amplex Red pamoja na peroksidasi ni nzuri kwa peroksaidi inayotoka nje ya seli. Tatizo kwetu ni kuwa fenoli za karafuu nazo huliwa na peroksidasi hiyo hiyo, kwa hiyo osha dondoo yote kwanza. Rangi za boronati hujibu peroksaidi polepole na hujibu peroksinaitraiti haraka sana, basi usidhani ni za peroksaidi pekee. Kwa mwenye uwezo wa kuingiza jeni kwenye hamira, protini inayong'aa ya roGFP2-Orp1 ya mwaka 2009 ni bora kuliko zote hizi kwa peroksaidi. HyPer ya 2006, protini nyingine ya namna hiyo, nayo nzuri, ila aina za mwanzo hudanganywa na pH.

Mambo yakienda kombo

*Kila mrija unang'aa, hata B.* Tazama kisima cha rangi bila seli. Kikiwa juu, tupa rangi. Kikiwa chini, osha YPD vizuri zaidi, kisha chunguza mwanga wa chumbani.

*C haipandi.* Soma tena peroksaidi kwenye 240. Ikiwa sawa, tazama wingi wa hamira: ikiwa nzito, katalasi yake humaliza milimola 1 haraka kabla rangi haijaona kitu. Rudi kwenye OD 0.5. Halafu uliza kama hamira imevunwa ikiwa bado inakua.

*Kijani kinapanda kisha kinashuka.* DCF inavuja, au inachujuka kwa taa. Zungusha mrija, soma maji ya juu peke yake. Yaking'aa, rangi imetoka nje, fupisha jaribio.

*G haikushuka.* Katalasi imekufa, au kinachooksidisha si peroksaidi ya nje. Jaribu katalasi hiyo kwa tone la peroksaidi: ikiwa hai, utaona mapovu.

*Visima vya pembeni vinatofautiana na vya katikati.* Maji yanakauka pembeni. Jaza visima vya ukingoni PBS tupu na utumie vya ndani.

*Dondoo inashusha kila kitu, hata H.* Pima pH ya mchanganyiko. Mwanga wa DCF hupungua kwenye asidi, na dondoo kali hushinda bafa dhaifu. Ikiwa pH ni 7.4 na H bado iko chini, punguza dondoo mpaka H itulie, na hicho ndicho kiwango cha juu unachoweza kukitumia kwa rangi hii.